Kumfundisha mtoto rangi nyekundu kwa kazi za mikono: mwongozo kamili, kuanzia vifaa hadi kumpima

Mtoto anaimba "nyekundu, bluu, kijani, njano" bila kukosea. Ukimwambia akuletee kikombe chekundu, analeta cha kijani. Wazazi na walimu wa chekechea wanaendelea kuuliza kwa nini inakuwa hivyo, na wengi wao wameshajaribu mabango, nyimbo na video za kwenye simu. Mtoto wa namna hii amekariri mfuatano wa maneno. Bado hajaunganisha neno na kile anachokiona.

Kinachosaidia ni kumfundisha rangi moja tu, kwa wiki moja au mbili, kupitia vitu vingi anavyoweza kushika, kuchana, kupaka na kufinyanga. Hapa tunatumia nyekundu. Inavutia macho, vifaa vyake viko jikoni na kwa fundi cherehani, tena ni rangi ambayo watu wazima hukosea kwa urahisi wanapochagua vifaa. Mwongozo huu ni wa watoto wa miaka 3 hadi 5. Wa miaka 2 fanya naye hatua ya 1 na ya 5 tu, na usitegemee kwamba atataja jina la rangi.

## Vifaa vya kuandaa kabla ya kuanza

- Vitu 8 hadi 10 vyekundu vya nyumbani visivyofanana: soksi, kifuniko cha ndoo, kijiko cha plastiki, mpira, nyanya iliyoiva, pilipili hoho nyekundu, kitambaa, kofia
- Jozi mbili au tatu za vitu vinavyofanana kwa kila kitu isipokuwa rangi: vikombe viwili vya aina moja, kimoja chekundu na kingine cha bluu, vizibo vya plastiki vya soda na vya maji
- Vipande vya vitambaa vyekundu kutoka kwa fundi cherehani (mara nyingi anavitupa, mwombe)
- Magazeti, kalenda za zamani na vifungashio vyenye sehemu nyekundu
- Maboksi ya kukata kuwa kadi
- Unga wa ngano, chumvi na mafuta ya kupikia
- Rangi nyekundu ya chakula ya unga, ileile inayotiwa kwenye ubuyu
- Binzari ya manjano kidogo sana
- Bamia changa 4 au 5
- Kipande cha mkaa, nguo kuukuu za mtoto, na gunia au nailoni ya kutandika chini

Usifanyie kazi hizi juu ya mkeka. Rangi ya ubuyu ikiingia kwenye ukindu haitoki.

## Vitu "vyekundu" ambavyo si vyekundu

Hapa ndipo wengi wanapoharibu kazi kabla hata haijaanza. Kwa mazoea yetu ya kusema, nyekundu ni rangi pana sana. Kitunguu chekundu ukikitazama vizuri ni cha zambarau. Maharage mekundu ni ya kahawia iliyoiva. Udongo mwekundu unakaribia kahawia au chungwa, ng'ombe mwekundu ni wa kahawia kabisa, na mawese yana rangi ya chungwa. Mtu mzima hapati shida, kwa sababu anajua tunawatofautisha na wenzao: kitunguu cheupe, ng'ombe mweusi, mafuta ya kawaida.

Mtoto hana msingi huo. Ukimwonyesha nyanya, kitunguu na udongo siku moja, ukamwambia vyote ni vyekundu, anabaki akitafuta kinachoviunganisha asikione. Kwa hiyo wiki ya kwanza tumia nyekundu iliyokolea tu. Ng'ombe na udongo wapo, atavikuta akishakuwa na mahali pa kuanzia.

Pima kila kitu kwa kukiweka kando ya nyanya iliyoiva, mchana, karibu na mlango au dirisha. Kikionekana cha waridi, cha zambarau au cha kahawia kikiwa hapo, kiondoe. Usichague vifaa usiku, kwa sababu mwanga wa taa, hasa ule wa manjano, unabadilisha rangi.

Bitiruti nayo inastahili onyo lake. Watu wengi huichemsha wakidhani watapata rangi nyekundu ya asili. Ukitia maji yake kwenye unga mweupe unapata waridi, na ukiyachemsha sana rangi hufifia. Ua jekundu la haibiskasi ukilisugua kwenye karatasi huacha alama ya zambarau. Mbegu za mzingefuri hutoa rangi iliyoegemea chungwa. Zote ni rangi nzuri, lakini ziweke kwa masomo mengine.

## Tahadhari tatu zisizo na mjadala

Mbegu nyekundu zenye doa jeusi. Ni mbegu za mturituri, zile ndogo zinazong'aa ambazo watu hutungia shanga. Zina sumu kali sana, na mbegu iliyotafunwa inaweza kuua mtoto. Usizitumie hata kwa kubandika, na ukizikuta kwenye bangili au kwenye njuga za kuchezea, ziondoe. Mtoto akizitafuna mpeleke hospitali mara moja, usisubiri dalili.

Rangi za kupaka nyumba, mageti na magari. Mabaki ya kopo hayafai kwa kazi ya mtoto. Rangi za mafuta, hasa nyekundu na za manjano zinazong'aa, huweza kuwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo.

Vitu vidogo. Kwa mtoto wa chini ya miaka 3, na kwa yeyote ambaye bado anatia kila kitu mdomoni, kitu kinachopita ndani ya bomba la boksi lililo katikati ya karatasi za chooni kinaweza kumkaba. Vizibo, vifungo na shanga viache mpaka awe mkubwa zaidi.

Pilipili kali nazo usiweke kwenye kikapu, hata kama wekundu wake unavutia. Mtoto atazishika kisha ajifikiche macho.

## Hatua ya 1: Kikapu chekundu

Tia vile vitu 8 hadi 10 ndani ya kikapu au beseni. Kaa chini na mtoto, toeni kimoja kimoja. Mwache akipapase, akinuse, akigonge. Kila kitu kinapotoka sema sentensi fupi moja: "Hii ni soksi. Rangi yake ni nyekundu." Kisha kinachofuata: "Hiki ni kijiko. Rangi yake ni nyekundu."

Ipo sababu ya kuanza na "rangi yake ni nyekundu". Nyanya ni nyekundu, lakini kijiko ni chekundu, mpira ni mwekundu, ua ni jekundu na vijiko ni vyekundu. Kwa masikio ya mtoto wa miaka mitatu, mwanzo wa neno unabadilika kila anapogeuka. Siku mbili za kwanza mpe umbo moja lisilotikisika. Kuanzia siku ya tatu zungumza kama kawaida: kijiko chekundu, mpira mwekundu. Akisema "mpira nyekundu", usimkatize wala usimwambie amekosea. Mwitikie tu, "Eee, mpira mwekundu," mwendelee. Upatanisho atauokota mwenyewe kwa kusikia. Ukimsahihisha kila neno, ataacha kusema.

Sasa leta jozi. Weka vikombe viwili vya aina moja mbele yake, chekundu na cha bluu, umwambie: "Nipe chenye rangi nyekundu." Usiseme chochote kuhusu kile cha bluu, kikombe hicho hapa hakihitaji jina, kiite "kile kingine". Jozi ndiyo moyo wa hatua hii. Mtoto aliyeonyeshwa nyanya na ndizi anaweza kuchagua nyanya kwa sababu ya duara lake, au kwa sababu anaipenda. Vikombe vinavyofanana kwa ukubwa, uzito na umbo havimwachii njia nyingine ila kutazama rangi.

Badilisha pande kila mara. Chekundu kikikaa kulia siku zote, atajifunza kulia.

*Utajua imefaulu* akichagua sawasawa mara kadhaa mfululizo hata ukibadilisha pande na vitu. Dakika kumi zinatosha kwa siku. Akianza kurusha vijiko, kikapu kimefungwa hadi kesho.

## Hatua ya 2: Kuchana na kubandika

Pika gundi kwanza: vijiko 3 vya chakula vya unga wa ngano kwenye kikombe kimoja cha maji baridi, koroga mpaka mabonge yaishe, kisha weka jikoni moto mdogo huku ukikoroga mpaka iwe uji mzito unaong'aa. Ipoe kabisa.

Mpe mtoto ukurasa wa kalenda au kifungashio chenye nyekundu na rangi nyingine. Kazi yake ni kutafuta palipo na nyekundu, kuchana kwa vidole na kubandika kwenye kadi. Mkasi hauhitajiki: kuchana kunaimarisha vidole vitakavyoshika penseli baadaye, na kunamlazimisha aamue rangi inaishia wapi. Ongeza vipande vya vitambaa ili kadi iwe na sehemu laini, za kukwaruza, nyembamba na nene.

Kosa la kawaida ni kumchorea nyanya kubwa ili aijaze kwa vipande vyekundu. Inapendeza ukutani, lakini inamrudisha kule ambako nyekundu maana yake ni nyanya. Acha kadi iwe tupu, bila mchoro wowote.

Akibandika kipande cha waridi au cha chungwa, kiache. Kesho yake, gundi ikishakauka, weka kipande chekundu kabisa kando yake, umuulize kama vinafanana. Watoto wengi wataona wenyewe. Asipoona, bado yuko hatua ya 1, mrudishe kwenye jozi bila kumgombeza.

## Hatua ya 3: Rangi ya vidole

Mahitaji ni unga wa ngano kikombe 1, maji vikombe 3, na chumvi kijiko 1 cha chakula. Chumvi inachelewesha kuchacha na inamfanya mtoto asitamani kulamba mara ya pili.

Koroga unga na kikombe kimoja cha maji baridi. Chemsha vikombe viwili vilivyobaki, mimina mchanganyiko huku unakoroga kwa mwiko, upike dakika chache mpaka uache kunuka unga mbichi. Tia chumvi. Epua.

Rangi itie ikiwa bado vuguvugu, na hapa uwe na subira. Unga wa ngano ni mweupe, kwa hiyo nusu kijiko cha chai cha kwanza kitakupa waridi. Wengi huishia hapo, wakampa mtoto waridi wakiiita nyekundu. Endelea robo kijiko kwa robo kijiko. Ikikataa kutoka kwenye waridi, chovya ncha ya kijiko kwenye binzari ya manjano, koroga, utaona inageuka kuwa nyekundu yenye joto. Kidogo tu, ukizidisha inakuwa chungwa. Fanya haya yote mtoto akiwa mbali, maana akiona ya njano ikiingia somo limekuwa la rangi mbili. Kama una wanga wa mahindi, ule unga laini wa kukolezea supu na kastadi, tumia nusu kikombe chake badala ya ngano. Unapikika na kuwa angavu, na nyekundu inatoka safi kwa rangi kidogo.

Mimina kwenye sinia au kwenye boksi lililofunikwa nailoni. Mwache apake kwa viganja, achore mistari, afute, aanze tena. Ukitaka kumbukumbu, gandamiza karatasi juu ya alichochora, uinyanyue.

Rangi hii inashika ngozi na nguo. Mpake mtoto mafuta mikononi kabla ya kuanza. Ikibaki, sabuni na ndimu zitaiondoa kwa siku moja au mbili. Mwenye mikwaruzo asiguse, chumvi itamwasha.

## Hatua ya 4: Mihuri ya bamia

Kama una muda wa kazi moja tu katika mwongozo huu, fanya hii.

Kata bamia changa kwa kisu kikali, mkato mmoja ulionyooka, upande wa kichwa ubaki na urefu unaotosha kushikwa. Usikate kwa kusokota, kingo zitasagika. Ndani utaona umbo la nyota lenye pembe tano au zaidi, na mbegu nyeupe zimekaa kila moja kwenye chumba chake. Mkato utatoa utelezi mara moja. Ufute, kisha uache bamia zipigwe hewa nusu saa zikiwa zimetazama juu. Ukiruka hapa utelezi utachanganyika na rangi na muhuri utatoa doa lisilo na umbo.

Chukua ile rangi ya hatua ya 3, iweke nyembamba kwenye kipande cha sponji au kitambaa kilichokunjwa ndani ya sahani. Mtoto anagusisha bamia kwenye sponji, anaigandamiza kwenye karatasi, ananyanyua wima. Ua jekundu linatokea.

Bamia ni ya kijani, alama yake ni nyekundu. Mtoto anashika kitu cha kijani mkononi na kuona nyekundu inabaki kwenye karatasi, na hapo ndipo wengi wanapotambua kwamba rangi ni kitu kinachoweza kuhama, kukaa juu ya bamia, kidole au karatasi. Subiri ashangae, usiwahi kumweleza. Akiisha kupiga mihuri ya kutosha, muulize: "Maua yako yana rangi gani?"

*Imefaulu* ikiwa anajibu akitazama maua na si bamia. Akisema kijani, mwonyeshe bamia, "Hii unayoishika ni kweli, si nyekundu," halafu ua, "Na hili?" Mara nyingi swali la pili linatosha.

Darasani, kata bamia moja kwa kila watoto wawili na sahani moja ya rangi kwa watoto wanne au watano. Kundi moja lipige mihuri huku lingine likiwa kwenye kuchana karatasi. Darasa zima kwa pamoja ni fujo, na walio nyuma hawapati kitu.

## Hatua ya 5: Unga wa kufinyanga

Unga wa ngano vikombe 2, chumvi nusu kikombe, mafuta vijiko 2 vya chakula, maji ya moto kikombe 1 yaliyotiwa rangi nyekundu. Yakoleze maji mpaka yaonekane karibu meusi, maana unga utayapunguza. Mimina kidogo kidogo, koroga kwa mwiko, kisha ukanda wewe mwenyewe mpaka upoe na uache kunata. Ukinata ongeza unga, ukikatika ongeza matone ya maji.

Mpe pamoja na vitu vyekundu vya kuchomeka: vijiti ulivyopaka rangi, vizibo kwa wakubwa. Aviringishe, akate, atengeneze chapati nyekundu. Hapa utapata maneno mengi zaidi kuliko kwenye hatua zote, kwa sababu mikono ikiwa na kazi mdomo unafunguka.

Usimruhusu ale, chumvi yake ni nyingi mno kwa mtoto. Hifadhi kwenye mfuko uliofungwa. Pwani kwenye joto unaweza kuchacha baada ya siku chache nje ya friji. Ukinuka uchachu au ukiwa na madoa, tupa.

## Hatua ya 6: Jogoo

Chora jogoo kwa mkaa kwenye boksi, mkubwa, bila kilemba na bila yale manyama ya chini ya kidevu. Weka mbele ya mtoto vipande vya vitambaa vya rangi tatu au nne, akamilishe jogoo mwenyewe. Hii ni mara ya kwanza anachagua nyekundu katikati ya rangi nyingi bila wewe kuitaja, basi kaa kimya. Akimpa jogoo kilemba cha bluu, muulize jogoo wa jirani ana kilemba gani, mkamwangalie kama yuko karibu.

## Hatua ya 7: Kumpima

Pima kwa vitu ambavyo hajawahi kuvitumia katika hatua zilizopita. Ukimpima kwa kijiko kilekile cha kikapuni, unapima kumbukumbu yake ya kijiko.

Anza na "nipe" kabla ya "hii ni rangi gani". Mtoto huelewa neno kabla ya kuweza kulitoa, na wengi hushindwa swali la pili huku la kwanza wanaliweza vizuri. Weka vitu vitano vigeni, viwili vyekundu. Kisha mtandikie kanga ya kisutu, yenye nyekundu, nyeusi na nyeupe, umwambie aweke kidole palipo pekundu. Mwisho nendeni sokoni au barabarani atafute mwenyewe. Miezi ya Novemba na Desemba mkrismasi, ule mti wenye maua mekundu, ukiwa umechanua huhitaji hata kuuliza.

Akiweza yote matatu kwa siku mbili tofauti, nenda rangi ya pili. Chagua iliyo mbali na nyekundu, bluu inafaa. Chungwa, waridi na zambarau zisubiri mpaka awe na rangi nne au tano thabiti.

## Akiendelea kukosea

Mtoto wa miaka 3 anayekosea kwa kawaida hana tatizo lolote. Pumzika wiki mbili tatu, urudi hatua ya 1.

Lakini mtoto aliyekaribia miaka 5, anayejua rangi nyingine vizuri na bado anachanganya nyekundu na kijani au nyekundu na kahawia kila mara, huenda hazioni zikiwa tofauti. Hali hii ni ya kurithi na huwapata wavulana zaidi ya wasichana. Jaribu jozi ya nyekundu na kijani zenye kukolea sawa, mchana. Akikisia tu, mpeleke kwa daktari wa macho na umweleze mwalimu wake, ili asichapwe wala kuchekwa kwa kuchagua penseli isiyo sahihi. Wakati huo mpe njia nyingine ya kutambua vitu: andika alama kwenye kila penseli, na kwenye taa za barabarani mfundishe kwamba nyekundu ndiyo ya juu.